Kura Yetu ya 1968

Maji yakishakupwa hapa Matemwe, na kina mama wameshateremka kwenye mashamba yao ya mwani, mtu aliyekaa chini ya mvinje pwani huona vitu vitatu tu mbele yake: kisiwa cha Mnemba, mstari mweupe pale mawimbi yanapovunjikia mwambani, na bahari. Mimi nimekuwa nikikaa hapo tangu nilipostaafu kazi ya ualimu, na kwa miaka mingi sikuifikiria bahari ile kuwa ina uhusiano wowote na mikataba ya silaha. Aliyenifanya niifikirie hivyo ni mpwa wangu anayesoma sheria Dar es Salaam. Alikuja kututazama Julai 2025, wiki chache baada ya Israel na Marekani kuvipiga mabomu vinu vya nyuklia vya Iran. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, na kabla hata hajamaliza kunywa maji ya dafu akaniuliza:

"Mjomba, hivi sisi tumo katika ule mkataba wa silaha za nyuklia kwa faida gani? Iran imo, imepigwa. Israel haimo wala haijawahi kuwamo, na ndiyo iliyopiga. Mkataba gani huo unaomfunga mikono aliyetia saini na kumwacha huru asiyetia?"

Nilimwambia kuwa mambo si mepesi hivyo. Kwamba bodi ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ilikwishaamua tarehe 12 Juni, siku moja kabla ya mabomu, kuwa Iran haikutimiza wajibu wake wa ukaguzi. Akacheka. Akasema hilo ni jibu la mwalimu. Kweli lilikuwa jibu la mwalimu, na tena la mwalimu ambaye jambo hili lenyewe aliwahi kulifundisha kimakosa, kama nitakavyoeleza. Basi haya ninayoyaandika ni jibu langu la pili.

Lazima nianze Tunguu, kwani huko ndiko nilikosikia mara ya kwanza watu wakigombana kwa ajili ya silaha ambazo hakuna aliyekuwa ameziona. Oktoba 1960 Uingereza, iliyokuwa ikitulinda kwa maneno yake, iliafikiana na Marekani kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mpango wao ulioitwa Mercury. Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, sauti yake ilipokewa kituoni hapo alipokuwa akipita juu yetu. Haya yote tunayajua leo. Wakati ule mjini na mashamba neno lililotembea lilikuwa moja tu: roketi. Wamarekani wanaleta roketi, na Warusi watatupiga sisi kwa ajili ya roketi za watu. Chama cha Hizbu kiliipinga kambi hiyo kwa mikutano na maandamano, na Abdulrahman Babu, aliyekuwa katibu mkuu wake, alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kubwa zaidi.

Baba yangu alikuwa Hizbu wa damu. Ami yangu, mdogo wake, alikuwa kibarua Tunguu: kwanza alichukua saruji, halafu akawekwa kulinda lango usiku. Ndugu hawa wawili walikula sinia moja tangu utotoni, na kwa ajili ya Tunguu wakaacha kusalimiana. Baba akisema kuna roketi zimefukiwa chini. Ami akisema hakuna kitu ila minara ya redio na majenereta, na asiyeamini aje naye, atampitisha mchana kweupe. Baba hakwenda. Alisema mlinzi wa lango hawezi kujua kilichomo ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kama kumi, nikimpenda kila mmoja wao, na nikitamani sana hizo roketi ziwepo ili nami nizione.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Wamarekani wakaondoshwa kwa manowari yao, na mwezi Aprili mwaka huo huo Serikali ya Mzee Karume ikawataka waing'oe kambi. Zilipobaki misingi ya zege tu, baba alikubali kufuatana na ami kwenda kutazama. Walikwenda kwa gari la shamba mpaka mjini, kisha Tunguu. Waliporudi hapana aliyesema neno juu ya roketi, wala siku ile wala baada yake, lakini usiku ule walikula pamoja. Ami aliniambia miaka mingi baadaye kuwa baba alizunguka kila msingi, akaugonga kwa bakora yake kusikiliza kama chini kuna uvungu.

Msomaji asidhani kuwa baba alikuwa mjinga. Miaka miwili mitatu kabla, tarehe 13 Februari 1960, Ufaransa ilikuwa imeripua bomu lake la kwanza la atomiki kule Reggane, katika jangwa la Sahara, juu ya ardhi ya Waafrika ambao hawakuulizwa. Mpaka 1966 iliripua mabomu 17 Algeria, manne juu ya ardhi na yaliyobaki chini yake. Mtu aliyekuwa akisikiliza redio ya Cairo, kama wazee wetu wengi walivyokuwa wakiisikiliza, alikuwa na kila sababu ya kuamini kuwa mkubwa anaweza kuja na chombo chake cha maangamizi akakiweka uani kwako na kukwambia ni kitu cha kutabiria hali ya hewa. Ndiyo maana Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ulipokutana Cairo Julai 1964, ulitangaza kuwa Afrika iwe bara lisilo na silaha za nyuklia. Lilikuwa tangazo, na tangazo halimfungi mtu, lakini ndilo mbegu ya mengi yaliyofuata.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nilipokuwa nikifundisha historia skuli ya sekondari, niliwaambia wanafunzi, mwaka baada ya mwaka, kuwa Tanzania, kwa kuwa ni nchi ya amani, iliunga mkono tangu mwanzo ule Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Hakuna kitabu kilichonambia hivyo. Nilidhani tu, kwani ilionekana ni jambo ambalo nchi kama yetu ingelifanya. Mwalimu mwenzangu aliyerudi masomoni ng'ambo ndiye aliyenipa karatasi yenye hesabu ya kura. Tarehe 12 Juni 1968 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliupigia kura mkataba huo. Nchi 95 ziliukubali, 21 hazikuelemea upande wowote, na nne zikaukataa. Nne hizo ni Albania, Cuba, Zambia na Tanzania.

Niliisoma karatasi ile mara mbili. Niliona haya mbele ya wanafunzi wangu wa miaka yote ile, halafu, sitaficha, nikaona fahari. Baadaye ndipo nilipoanza kujiuliza kama fahari hiyo ilikuwa na msingi.

Mkataba wenyewe ulikuwa na sura hii. Nchi yoyote iliyokwisharipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari 1967 ilihesabiwa kuwa nchi ya nyuklia, nayo ikabaki na mabomu yake. Nchi hizo ni tano: Marekani, Umoja wa Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China. Wengine wote waliahidi kutotengeneza wala kupokea, na kukubali kukaguliwa. Kwa malipo yake waliahidiwa mambo mawili: msaada wa matumizi ya amani ya atomiki, na kwamba wakubwa watafanya mazungumzo kwa nia njema ili waache mashindano ya silaha na mwisho waziondoe. Ahadi ya wadogo ilikuwa na wakaguzi. Ahadi ya wakubwa ilikuwa na nia njema. Sihitaji kumweleza mtu wa pwani tofauti iliyopo baina ya mkopo wenye shahidi na mkopo wa maneno.

Wako waliosema, na wapo wanaosema mpaka leo, kuwa Dar es Salaam ilipiga kura ile kuifurahisha China, iliyoripua bomu lake la kwanza Oktoba 1964 na kuuona mkataba kuwa ni njama ya Moscow na Washington. Ni kweli kuwa urafiki ulikuwa mkubwa. Zhou Enlai alikuja kututembelea 1965, na makubaliano ya kujenga reli ya TAZARA yalitiwa saini 1967. Lakini hoja hii hainitoshi. Zambia nayo ilipiga kura kama sisi, na mtu akitazama ramani ya 1968 ataona kitu kilichokuwa karibu zaidi kuliko Peking. Rhodesia ilikuwa imejitangazia uhuru wa walowezi 1965, na Uingereza haikuwagusa. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na London Desemba ya mwaka huo kwa sababu hiyo hiyo. Afrika ya Kusini ilikuwa na madini ya urani, wataalamu, na marafiki wa Magharibi. Sasa wiki moja baada ya kura, Marekani, Uingereza na Warusi wakaahidi katika Baraza la Usalama kuwa nchi isiyo na bomu ikitishwa kwa bomu, watakimbilia kuisaidia. Nani katika Lusaka au Dar es Salaam angeliamini kuwa Waingereza walioshindwa kumgusa Ian Smith wangelikuja kutukinga na Pretoria? Mimi naona kura ile ilikuwa ya mtu aliyeahidiwa mwavuli na jirani ambaye jana tu alimwona akimwacha mwenziwe anyeshewe.

Na wasiwasi haukuwa wa bure. Agosti 1977 setilaiti ya Kisovieti iliona mashimo ya majaribio katika jangwa la Kalahari. Tarehe 24 Machi 1993 Rais de Klerk alikiri mbele ya bunge lake kuwa nchi yake ilikuwa imekamilisha mabomu sita, na kwamba yote yameshavunjwa. Sita, na sisi tuliokuwa tukiwapa makazi wapigania uhuru wao tukiwa mwendo wa ndege wa saa chache tu. Nilipoisikia habari ile redioni nilimkumbuka baba na bakora yake. Safari hii chini palikuwa na uvungu kweli.

Hata hivyo kukataa mkataba si sawasawa na kutaka bomu, na hapa ndipo ninapotaka mpwa wangu atulie kidogo. Tanzania ilikaa nje miaka 23 na haikutafuta silaha hiyo hata siku moja. Mei 1984 Mwalimu Nyerere aliungana na Indira Gandhi, Olof Palme, Raúl Alfonsín, Andreas Papandreou na Miguel de la Madrid kuwataka wakubwa wasimamishe majaribio na mashindano. Januari 1985 viongozi wa nchi hizo wakakutana Delhi. Katika nchi zao sita, tatu, yaani Tanzania, India na Argentina, zilikuwa nje ya mkataba ule. Watu wengine walicheka: vipi aliyekataa kutia saini anawahubiria wenye silaha? Kwa upande wetu sioni cha kuchekesha. Wa India siwasemei; walikwisharipua chombo chao 1974 na wakaripua tena 1998, na mtu anaweza kuuliza hotuba za Delhi zilikwenda wapi.

Tuliingia tarehe 31 Mei 1991, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Zambia ilikuwa imeingia wiki mbili kabla, na Afrika ya Kusini ikaingia tarehe 10 Julai. Tazama tarehe hizo zilivyokaribiana. Mlango uliokuwa umefungwa kwa ajili ya jirani ulifunguliwa jirani alipokuwa tayari kuweka chini alichonacho na kukaguliwa. Kwa hiyo siamini kuwa 1991 ilikuwa toba ya 1968.

Hapa wenzangu wa barazani huniuliza: na sisi Wazanzibari nani alituuliza? Hakuna. Mambo ya nje na ulinzi ni ya Muungano tangu 1964, na aliyetia saini Dar es Salaam alitutilia na sisi. Wanaokumbuka kisa cha Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, na kutoka kwake 1993, wanajua mjadala huo ulivyo mkali. Nitauacha hapo. Nitasema tu kuwa mwaka 1996, Afrika ilipotia saini mkataba wake yenyewe, Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika alikuwa Dk. Salim Ahmed Salim, mtoto wa Unguja na Pemba, na kwa hivyo hatukuwa mbali sana na meza.

Mkataba huo unaitwa Pelindaba, jina la mahali karibu na Pretoria palipokuwa na kituo cha utafiti wa atomiki cha Makaburu. Ulitiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996, Tanzania ikauridhia 1998, ukaanza kufanya kazi tarehe 15 Julai 2009 baada ya Burundi kutimiza idadi ya nchi 28. Miaka 45 tangu tangazo la 1964! Unakataza kutengeneza, kuweka na kujaribu silaha hizo Afrika nzima na visiwani mwake. Na ndipo bahari yangu ya Matemwe inapoingia. Ukitoka hapa ukaishika njia ya mashariki, ukaviacha nyuma visiwa vya Shelisheli, baada ya kiasi cha kilomita 3,600 utafika Diego Garcia, ambako Marekani ina kambi kubwa ya kijeshi. Ramani ya Pelindaba inavitia visiwa vya Chagos ndani ya eneo lake. Uingereza ilitia saini itifaki za mkataba, lakini ikaeleza kuwa haikubali visiwa hivyo vihesabiwe. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini makubaliano ya kurejesha mamlaka ya visiwa kwa Mauritius, huku kambi ikibaki kwa miaka 99. Mauritius imo katika Pelindaba. Basi siku moja huenda mtu akauliza kwa sauti ni nini kilichomo katika maghala ya kule, na mwenye haki ya kuuliza atakuwa ni mwanachama wa mkataba. Aliye nje atauliza kwa haki gani?

Hilo ndilo linalonivuta upande wa kubaki, na liko jengine dogo zaidi ambalo wanasiasa hawalisemi. Wafugaji wa Unguja wanaikumbuka mbung'o. Ilikuwa ikiwamaliza ng'ombe kwa malale, na dawa zilipunguza tu. Kuanzia 1994, kwa msaada wa lile Shirika la Nguvu za Atomiki, madume ya mbung'o yaliyofugwa Tanga yalipigwa mionzi yasiweze kuzaa, yakaletwa kwa ndege ndogo na kumwagwa juu ya misitu yetu, mamilioni yake, yakapandana na majike ya mwituni bila ya kupatikana mtoto. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa kimesalimika. Katika ahadi zote za 1968, hii ndiyo pekee niliyoiona ikitimizwa kwa macho yangu. Kweli, Shirika lile lina wanachama wake lenyewe, na mtu anaweza kuwamo humo akiwa nje ya mkataba. Lakini nani atauza au kununua urani ya Mkuju, kule Namtumbo, kutoka nchi iliyojitoa? Korea ya Kaskazini ilijitoa 2003. Sijasikia mtu akitamani kuishi kama wao.

Kwa hivyo hoja ya mpwa wangu naipa nusu. Mkataba hauna haki; haukuwa nayo 1968 na haujaipata. Mwaka 1995 wakubwa waliomba udumu milele, wakapewa, na tangu hapo mikutano ya kuupitia ya 2015 na 2022 ilikwisha bila ya kuafikiana. Marekani ilijitoa 2019 katika ule mkataba wa makombora ya masafa ya kati, Urusi ikasimamisha 2023 ushiriki wake katika ule wa kupunguza makombora makubwa. Wao hutoka wanapotaka. Ibara ya kumi inatupa na sisi ruhusa hiyo hiyo: notisi ya miezi mitatu, basi. Lakini tukitoka tunachukua nini mkononi? Bomu hatuna wala hatulitaki. Tutakuwa tumeacha kiti na kuwabakishia wenye silaha chumba chote. Mwaka 2019 Tanzania ilitia saini mkataba mpya unaozipiga marufuku silaha hizi kabisa, bila ya kumtenga mkubwa, na kule Dar es Salaam kuna mashine inayonusa hewa mchana na usiku kutafuta mionzi ya majaribio ya siri popote duniani. Hizo naziona ni bakora bora kuliko ya baba.

Nilimpelekea mpwa wangu karatasi hizi azisome kabla ya kuzichapisha. Amezirudisha na alama moja ya kalamu nyekundu, pale nilipoandika kuwa kura ya 1968 ilikuwa ya mtu aliyeahidiwa mwavuli. Pembeni ameandika: "Mjomba, na leo mwavuli huo ameushika nani?" Nimeiacha alama yake kwenye nakala yangu. Bado sijamjibu.